Jerikeni Nyuma ya Kiti cha Dereva

Ukipanda basi la Nairobi kwenda Kampala, kabla hujatafuta kiti chako angalia nyuma ya kiti cha dereva. Mara nyingi utaona jerikeni ya njano ya lita 20, ile iliyoanza maisha yake ikiwa na mafuta ya kupikia. Ndani mna maji. Hakuna anayekueleza ni ya nini na hakuna anayeuliza. Makanga ameifunga kwa kamba ya mpira isije ikaanguka kwenye kona, dereva anapiga honi, mnaondoka.

Mimi nimeijua jerikeni hiyo tangu utotoni. Kwetu ni Khunyangu, Butula, na kila likizo nilipelekwa Busia kwa khocha wangu, yaani mjomba, ndugu ya mama, aliyekuwa fundi wa mabasi karibu na mpaka. Mabasi yalikuja kwake yakifoka mvuke, na jerikeni iliteremshwa hata kabla ya abiria. Nilikua nikidhani ni sehemu ya basi, kama tairi. Nilipoanza kusoma historia ya magari ndipo nilipoona kwamba jerikeni ina umri mkubwa kuliko basi lenyewe, kwamba kuna wakati ilikuwa sahihi kabisa, na kwamba leo inaua injini. Yote matatu ni kweli, na ukisikia moja tu kati ya hayo utamtukana makanga bure.

Tuanzie Ujerumani. Agosti 1888 Bertha Benz aliwachukua wanawe wawili, Eugen na Richard, akaondoka Mannheim na gari la magurudumu matatu lililoundwa na mume wake, Karl, bila kumwambia. Alikuwa anaenda Pforzheim kwa mama yake, mwendo wa kilomita 100 hivi. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa safari ndefu ya kwanza ya gari duniani. Watu hupenda kukumbuka kwamba alinunua mafuta kwenye duka la dawa mjini Wiesloch. Maji hayakumbukwi sana. Injini ile haikuwa na rejeta kama tunayoijua sisi. Maji yalikaa kuzunguka silinda yakachemka, mvuke ukaondoka na joto, na maji yakaisha. Basi kila Bertha alipoona kisima au kijito alisimama akajaza. Alikuwa dereva na makanga kwa pamoja.

Mnamo 1901 Wilhelm Maybach aliweka mbele ya gari la Mercedes la nguvu za farasi 35 rejeta iliyofanana na sega la nyuki, yenye vijibomba zaidi ya 8,000, hewa ikipita ndani yake na maji yakizunguka nje. Hapo wazo likageuka. Sasa maji yanazunguka na kurudi, kinachotoka ni joto peke yake. Lakini hilo lilikuwa kwenye karatasi. Pampu zilivuja, mipira ilipasuka, na rejeta yenyewe ilikuwa na mdomo wazi wa kutolea mvuke, kwa hiyo kwa miongo mingi madereva waliendelea kujaza kama Bertha.

Mwaka huohuo wa 1901 reli ya Uganda ilifika Kisumu. Watu wa magharibi mwa Kenya walikutana na injini kwa mara ya kwanza kupitia treni, na treni ya mvuke inakunywa maji kuliko boma zima la ng'ombe. Baadaye njia nyingine ilipanda kutoka Nakuru, ikapita Timboroa na Eldoret, ikavuka Malaba, na 1931 ikafika Kampala. Matangi ya maji yalisimama kwenye stesheni zake. Kwa hiyo mtu aliyekaa kando ya reli hakuhitaji kufundishwa kwamba injini ikitaka kupanda mlima lazima inyweshwe. Alikuwa anaona kila siku.

Na mlima wenyewe si mchezo. Timboroa iko juu ya mita 2,700. Barabara ya Nairobi kwenda Malaba inapita hapohapo. Malaba na Busia ziko karibu mita 1,200 tu. Hebu tufanye hesabu kidogo, maana bila hesabu hii hadithi yote inakuwa porojo. Ukiwa Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kila ukipanda mita 300 hivi, yanachemka nyuzi moja mapema. Busia yanachemka kwenye nyuzi 96. Timboroa ni 91. Injini ya dizeli nayo hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 80 na 95. Sasa weka basi hapo juu, limejaa watu, keria imejaa magunia na magodoro, gia ya chini, mwendo wa konokono, hewa nyepesi ambayo feni inaivuta bila kupata kitu. Pale ambapo injini inatoa joto jingi zaidi ndipo maji yanapochemka haraka zaidi.

Ukitoka Kampala hupandi mlima wa maana hadi uvuke mpaka. Jinja, Bugiri au Tororo, barabara ni ya mabonde na vinamasi. Ukishavuka Malaba ndipo inaanza Webuye, Eldoret, na kuendelea juu, zaidi ya mita 1,500 za kupanda. Ukipitia Busia, Kisumu na Kericho, mlima ni uleule unaupanda kwa upande mwingine. Na basi linalotoka Nairobi linafika mpakani likiwa limeshapanda na kushuka, likiwa na majeraha yake. Kwa hiyo miji hii miwili inapokea wagonjwa kutoka pande zote mbili. Watu wakizungumza juu ya Busia na Malaba huzungumza juu ya magendo, forodha na wabadilishaji pesa. Mafundi hawatajwi, na bado ni jiografia ileile iliyowaweka hapo.

Turudi kwa jerikeni. Neno lenyewe ni la vita. Mwaka 1937 Wajerumani walibuni debe la chuma la lita 20 kwa ajili ya jeshi lao. Waingereza waliokuwa Afrika Kaskazini walikuwa na madebe membamba yanayovuja, kwa hiyo walipoyateka ya adui waliyapenda, wakayaiga, wakayapa jina la utani walilompa Mjerumani: Jerry. Katika vita hivyohivyo maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki waliingia jeshini, wakafika Ethiopia na Burma, na wengi walifundishwa kuendesha malori. Waliporudi baada ya 1945 udereva ulikuwa mali kuliko shamba. Walirudi pia na desturi: asubuhi kagua maji, njiani beba akiba.

Hao ndio waliowafundisha madereva wa mabasi ya miaka ya 1950 na 1960. Ukishuka OTC pale Nairobi leo, jina hilo ni la kampuni ya mabasi ya enzi hizo. Kampuni imekwenda, stendi imebaki na jina. Magari ya wakati huo yalikuwa ya Kiingereza, Leyland, Albion, Bedford, yenye injini nzito za chuma cha kuyeyushwa, nguvu kidogo, na mfumo wa maji usiobanwa sana. Maji yakipungua, haukuwa ubovu. Ndivyo yalivyoundwa. Dereva aliyepanda Timboroa bila jerikeni alikuwa mjinga, na aliyekuwa nayo alikuwa anafuata uhandisi wa siku zake.

Kilichobadilika ni kifuniko. Ni kitu kidogo, kinaenea kiganjani, na ukikitazama utadhani kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike. Ndani yake kuna springi. Springi hiyo inafunga maji kwa presha hadi yafikie kiasi fulani, mara nyingi karibu bar moja, na maji yaliyo chini ya presha kama hiyo huchemka kama nyuzi 20 juu ya kawaida. Nyuzi 91 za Timboroa zinakuwa 110 na zaidi. Mlima unafutwa. Khocha alikuwa na tabia ya kuanza na kifuniko kabla ya kugusa kitu kingine chochote, na mara nyingi sana alikuta hakipo. Mahali pake mlikuwa na kitambaa kilichoviringishwa kwenye karatasi ya nailoni na kusukumwa kwa nguvu. Alikuwa anakichomoa kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya, anamwonyesha dereva: "Hii ndio imepanda Timboroa?"

Hakukifungua kikiwa moto, lakini. Alikuwa na kovu kwenye mkono wa kulia, kutoka kwenye kiwiko hadi kifundo, la siku alipokuwa bado mwanagenzi. Maji ya nyuzi 110 yakipata nafasi ya kutoka hugeuka mvuke papo hapo na kumfuata aliyefungua. Tena hakumruhusu dereva kuzima injini mara moja, kama bado kulikuwa na maji ndani. Hii iliwashangaza watu. Gari imechemka, kwani si uizime? Ukiizima, pampu inasimama, feni inasimama, na joto lote lililo kwenye chuma linaingia kwenye maji yaliyotulia. Aliiacha inguruume taratibu dakika chache, sindano ishuke, ndipo izimwe, ndipo kungoja. Kama maji yalikuwa yamekauka kabisa, hapo ni kuzima tu na kukaa chini ya mwembe. Kumwaga maji baridi kwenye chuma kinachowaka ni kukipasua.

Sasa, mfumo ukishakuwa wa kubanwa, jambo moja linageuka ambalo madereva wengi hawakuambiwa. Maji hayapaswi kupungua tena. Yakipungua, yameenda mahali. Kuna mpira uliochoka, sili ya pampu iliyoisha, gasketi ya silinda iliyoungua, au tundu kwenye rejeta. Kwenye basi la OTC jerikeni ilikuwa chakula. Kwenye basi la leo ni panadol: homa inashuka, ugonjwa unabaki, na mgonjwa anaendelea na safari hadi Nakuru.

Na si maji tu, ni maji gani. Mtu akijaza ya mto Malaba au ya Sio baada ya mvua, anaingiza udongo. Akijaza ya kisima, anaingiza chumvi zinazoganda kama zile unazoziona ndani ya sufuria ya chai ya zamani. Uchafu huo hukaa kwenye vijibomba vya rejeta, na hukaa kwenye themostati. Themostati ni mlango mdogo unaojifungua maji yakishafika karibu nyuzi 82, ili injini ipate joto haraka kisha ipoe. Ikiganda kwa uchafu haifunguki, injini inachemka, na fundi wa haraka anafanya nini? Anaing'oa na kuitupa. Kuanzia hapo dereva anaambiwa kwamba themostati ni kitu cha Wazungu, cha nchi za baridi, huku kwetu haina kazi. Nimelisikia hilo Malaba, nimelisikia Kampala, nimelisikia kwenye gereji ya Industrial Area yenye bango la kompyuta. Lakini kwenye injini nyingi za dizeli themostati ikifunguka pia huziba njia ya pembeni, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiing'oa, njia ya pembeni inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto inazunguka tu bila kupozwa. Umeondoa kifaa ili gari isichemke, na gari inachemka kwa sababu umekiondoa. Unaongeza maji ya jerikeni, na duara linaendelea.

Kosa la kulanti lilianza na jina. Kemikali yake kuu, ethilini glaikoli, ilianza kuuzwa kwa wenye magari katika miaka ya 1920 katika nchi ambazo maji huganda usiku na kupasua injini, kwa hiyo ikaitwa dawa ya kuzuia barafu. Ilipofika kwetu ikiwa na jina hilo kwenye kopo, mtu wa Busia aliisoma, akaangalia jua, akacheka. Ilikuwa haki yake kucheka. Kopo lilitaja tatizo la watu wengine na likanyamaza kuhusu letu. Letu ni kutu, na jambo baya kuliko kutu.

Injini nyingi kubwa za mabasi zina mikono ya silinda inayoguswa moja kwa moja na maji. Kila pistoni inapogonga upande wa mkono huo, chuma kinatetemeka, na kwenye maji yaliyokigusa vinazaliwa viputo vidogo sana ambavyo hupasuka vikikidonoa chuma. Kidogo kidogo, maelfu ya kilomita, hadi tundu la sindano linatokea. Kulanti nzuri ina dawa zinazoweka utando juu ya chuma na kupunguza udonoaji huo. Maji ya jerikeni hayana. Kisha siku moja fundi anachomoa kijiti cha kupimia oili na oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Hapo hakuna tena kuongeza kitu. Hapo ni kushusha injini.

Khocha, kabla kulanti haijapatikana kwa urahisi mpakani, alikinga maji ya mvua kwenye mabati ya gereji na kuyaweka kwenye pipa lenye kifuniko. Hayo hayana chumvi. Hakuwahi kulisoma popote. Alikuwa ameona tofauti kwenye rejeta alizozifungua.

Niseme pia kwamba ubunifu wa mafundi wa mpakani haukuzaliwa na uvivu. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka, na nao ndio waliokuwa wameshika sehemu kubwa ya maduka ya spea na gereji. Uganda ikabaki na magari bila vipuri. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ikavunjika. Katika miaka hiyo fundi aliyeweza kuziba rejeta kwa ute wa yai au pilipili manga, au kusugua sabuni ya kipande kwenye tangi linalovuja, alikuwa anafikisha watu nyumbani. Shida ni kwamba dawa ya dharura iliyofanya kazi ina kawaida ya kugeuka kuwa elimu. Vijana wakaipokea kama kanuni ya ufundi, bila ile sehemu ya "mpaka tupate spea".

Upande wa usukani historia ni fupi zaidi, na inanitisha zaidi.

Kazi yangu ya kwanza kwa khocha ilikuwa kukaa kwenye kiti cha dereva, miguu haifiki chini, na kuzungusha usukani kidogo kushoto, kidogo kulia, bila kusimama. Yeye alikuwa amelala chini ya basi na kiganja juu ya kila kiungo cha tai rodi, kimoja baada ya kingine. Macho hayaoni kiungo kilicholegea, ila mkono unasikia kikigonga. Akishamaliza anaweka jeki, gurudumu la mbele linaning'inia, analishika juu na chini na kulitikisa ili asikie kingi pini. Kisha grisi, kila nipeli, hadi ile grisi kuukuu yenye udongo mwekundu itoke yote na mpya ianze kuonekana. Kazi hiyo inachukua nusu saa na haileti pesa. Basi likitoka hapo linaonekana vilevile lilivyoingia.

Mabasi ya zamani hayakuwa na msaada wowote. Usukani ulikuwa mkubwa kama sinia la harusi kwa sababu dereva alihitaji wenzo mrefu, na madereva wa enzi hizo walikuwa na mabega ya wapiga makasia. Nchini Marekani mhandisi Francis Davis alikuwa ameonyesha usukani unaosaidiwa na presha ya mafuta tangu 1926, lakini ilibidi kungoja hadi 1951 ndipo kampuni ya Chrysler iliuweka kwenye gari la kuuzwa kwa umma. Huku kwetu ulikuja polepole zaidi, basi moja moja, na madereva waliupokea kama neema. Usukani ukawa mwepesi. Unaweza kuugeuza gari likiwa limesimama.

Na ndivyo wanavyofanya mpakani, kwenye uwanja uliobanana, basi la mita kumi na kitu likijaribu kugeuka kati ya malori. Dereva anakata usukani hadi mwisho na kuushikilia hapo. Pampu inalia kama mbuzi anayechinjwa, mafuta yanapata moto, sili zinaiva. Khocha alikuwa akipiga kelele kutoka upande wa pili wa uwanja: gurudumu kwanza lianze kutembea, ndipo ukate. Hakuna aliyemsikiliza.

Dalili zake si siri, na abiria wa kiti cha mbele anaweza kuzisoma. Usukani mzito wakati wote ni mafuta yamepungua, au mkanda umelegea, au pampu imechoka. Ukiwa na usukani usiorudi wenyewe baada ya kona, dereva anaurudisha kwa nguvu, kingi pini zimekauka grisi. Dereva akiwa anauchezesha kushoto na kulia kwenye barabara iliyonyooka, viungo vimelika, na hapo si starehe tena. Halafu kuna ile dalili ya mara mbili: sindano ya joto inapanda na usukani unakuwa mzito kwa wakati mmoja. Kwenye mabasi ambayo mkanda mmoja unazungusha pampu ya maji na pampu ya usukani, mkanda huo umekatika. Usitafute rejeta. Simama.

Hapa ndipo mambo mawili ninayoyaeleza yanapokuwa jambo moja. Dereva wa basi la zamani aliyekuwa amepanda Timboroa akichemka alikuwa na ujanja wa kushuka upande wa pili: anaweka nyutro, na wengine wanazima injini kabisa. Wenyewe wanaita kushuka na fri. Dizeli inabaki, maji yanapoa, mwenye gari anafurahi akihesabu lita. Ulikuwa ujanja mbaya hata wakati huo, kwa ajili ya breki. Lakini usukani wake haukubadilika. Ulikuwa mzito injini ikinguruma, ukawa mzito vilevile injini ikinyamaza.

Mjukuu wake leo, kwa basi la leo, akizima injini mteremkoni, pampu ya usukani inakufa. Mikono iliyozoea usukani wa kidole kimoja inakutana ghafla na tani kumi na kitu. Kompresa ya hewa nayo imesimama, kwa hiyo breki zinakula akiba iliyo kwenye matangi, na kila akikanyaga akiba inapungua. Na injini iliyochemka hadi ikakwama inakufanyia hayohayo bila kukuuliza, tena mahali ambapo hukupachagua. Mara nyingi baada ya ajali kwenye miteremko ile ya Sachangwan na Salgaa, magazeti yamelaumu fri, na dereva anaitwa mhuni. Wako wahuni, sikatai. Lakini wengi wanafanya walichofundishwa na mtu aliyekifanya miaka 30 akastaafu salama, kwenye gari la aina nyingine. Hilo bango la Salgaa halilisemi.

Februari 24, 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia. Zamani basi lilisimama mara mbili, kutoka nchi moja na kuingia nyingine, abiria wakitembea kwa miguu katikati na pasipoti mkononi, na katika saa hizo mafundi walilala chini ya basi. Sasa unasimama mara moja, upande unaoingia. Kwa abiria ni nafuu kubwa na siwezi kujifanya naililia ile foleni. Lakini foleni ndiyo iliyokuwa gereji. Hakuna mahali kwenye mipango ile palipoandikwa muda wa mtu kushika viungo vya tai rodi. Kwa khocha, wateja wa "angalia tu kidogo" walipungua, wakabaki wa "imekufa".

Kisha 2020. Machi Uganda ilifunga mipaka kwa wasafiri, na mabasi yakasimama kwa miezi. Malaba malori yalipanga mstari wa makumi ya kilomita yakingoja madereva wapimwe korona, yakisogea mita chache, yakizimwa, yakiwashwa. Mabasi yaliyoegeshwa yakiwa na kulanti yaliamka na kikohozi kidogo. Yaliyoegeshwa na maji ya jerikeni, khocha alipofungua koki ya chini ya rejeta, yalitoa kitu kama uji wa wimbi.

Siku hizi anakuja gereji asubuhi tu, magoti hayamruhusu kulala chini. Vijana wake wana mashine ya kusoma kompyuta ya basi, na mabasi mapya yenyewe yana kitambuzi kwenye tangi la kulanti. Kiwango kikishuka taa inawaka, na kwenye mengine injini inapunguziwa nguvu hadi lishughulikiwe. Mwaka jana nilikuwa naye pale nje wakati basi moja liliposimama taa ikiwaka, limeshagongewa mihuri, abiria wamekaa, dereva hataki kusikia habari ya uvujaji. Makanga akateremka na jerikeni, akamimina kama lita nne, akapanda. Taa ikazimika. Kitambuzi kile kinapima kimo cha maji, hakipimi ni maji gani.

"Imekubali," dereva akasema.

Khocha alimwangalia, kisha akamwomba makanga amwonyeshe hiyo jerikeni. Akaiinamisha, akamimina maji kidogo kwenye kiganja, akayasugua kwa kidole gumba. Yalikuwa na mchanga. Akamwambia kijana mmoja alete yale ya pipa, akamwaga yote yaliyokuwamo, akaisuuza, akaijaza upya, akaifunga mwenyewe kwa kamba nyuma ya kiti cha dereva. Basi likaondoka kuelekea Kisumu.